Tuna laki tisa na mtoto mwenye pumu: tukate bima ipi?

*Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Uyole, Mbeya. Nauza viazi na vitunguu sokoni, mume wangu ni fundi ujenzi. Tuna watoto watatu, wa miaka 13, 8 na 3. Huyu wa kati ana pumu. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishika tu tunaanza kukimbizana naye hospitali usiku. Mwaka jana zilitutoka kama 280,000 kwa ajili yake. Mama mkwe yuko kijijini Tukuyu, ana miaka 67, ana presha na sukari, dawa zake tunanunua sisi, 25,000 kila mwezi. Mwakani tunataka mtoto wa nne. Tumeuza viazi, tumetenga laki tisa kwa ajili ya bima. Wakala wa kampuni moja binafsi ametuachia karatasi (nimekutumia picha): 1,100,000 kwa mwaka kwa sisi watano, "tiba hadi milioni 10". Anasema tunaweza kulipa kwa awamu mbili, na kwamba kwenye fomu tusiandike pumu. Jirani anasema bima za serikali hazina maana, dawa hakuna. Shemeji anasema tungoje mimba ishike ndipo tukate. Mume wangu yeye anauliza: mwaka ukiisha hatujaugua, hela si imeliwa? Tufanyeje?*

Marahaba, mama. Ndaga (asante) kwa kuandika na hesabu zako kabisa. Wengi huniuliza "bima ipi nzuri?" wakaishia hapo, nami nabaki sina pa kushika. Wewe umenitajia wagonjwa, miezi na fedha, kwa hiyo tunaweza kuzungumza vizuri.

Kuna jambo moja lisiloweza kungoja. Kama bado hamjasaini ile fomu, msiisaini ikiwa pumu haijaandikwa. Najua wakala alisema vile kama mtu anayewasaidia. Lakini mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa aliyejaza fomu. Fomu inauliza kama kuna mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, wewe unaweka alama kwenye "hapana", unasaini. Siku hiyo hakuna atakayekuja kumpima mtoto. Julai inafika, mtoto analazwa, na daktari anafanya kazi yake kama inavyotakiwa: anaandika kwenye faili kwamba huyu ana pumu tangu ana miaka mitatu na hutumia salbutamol, ile dawa ya kufungua kifua. Faili hilo ndilo linalokwenda na madai. Mtu wa madai anasoma mstari huo, anavuta fomu yako, anakuta "hapana". Kuanzia hapo kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na inaweza kuuvunja mkataba mzima, hata kwa baba watoto ambaye hana pumu wala kikohozi. Wakala kamisheni yake alishaichukua siku mliyolipa. Sahihi iliyoko kwenye fomu ni yako.

Sasa nije kwa mumeo, maana swali lake ndilo mzizi wa mengine yote. Hapo mtaani bila shaka mna chama cha kufa na kuzikana. Kila mwezi mnatoa. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kwenye kikao cha mwisho wa mwaka akadai arudishiwe hela zake kwa kuwa nyumbani kwake hakufa mtu. Anajua zilikwenda kwa jirani aliyefiwa, na zamu yake ikija, za majirani zitakuja kwake. Bima ya afya ni hivyo hivyo. Fedha ya mwaka ambao hamkuugua imemlipia mtu wa Vwawa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo. Hakuna pahala imewekwa ikiwangoja nyinyi. Mtu akitaka fedha yake irudi, hicho ni kibubu, na kibubu nacho ni kitu kizuri. Nitakirudia, kwa sababu kwa familia yenu naona vyote viwili vinahitajika.

Ukishaelewa hapo, utaona kwa nini ushauri wa shemeji haufanyi kazi. Kila mtu akingoja mimba ishike, au matokeo ya kipimo yatoke vibaya, ndipo akate bima, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, na wagonjwa watupu hawawezi kulipiana. Tumeliona hili hapa hapa nchini. Toto Afya Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi tuliipenda. Shida ni kwamba wengi walikuwa wanamkatia mtoto kadi akishaugua, huku wazima wakiachwa. Mwaka 2023 NHIF ikasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuwaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Baadaye ikairejesha, pamoja na vifurushi vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Kila skimu, yaani mpango wa bima, iliyopitia hayo hujifunza kujilinda kwa njia mbili: ama inataka kaya nzima iingie, wazima kwa wagonjwa, ama inaweka muda wa kungoja kabla mafao fulani hayajafunguka. Kwa bima binafsi, uzazi ni miongoni mwa yanayowekewa muda mrefu zaidi. Mkikata mimba ikiwa tayari tumboni, kwa mimba hiyo mmechelewa.

Nimeivuta picha ya karatasi yako nikaisoma hadi maandishi madogo ya chini. Twende nayo pamoja, kwa sababu karatasi za namna hii zinafanana sana na ukiweza kuisoma moja umezisoma zote.

Juu, kwa herufi nene: hadi 10,000,000. Chini yake kuna jedwali. "Kulazwa: 10,000,000 kwa familia." Kwa familia, mama. Si kwa kila mmoja. "Wagonjwa wa nje: 600,000 kwa familia." Hapa ndipo pa kusimama. Mgonjwa wa nje ni yule anayemwona daktari, anapimwa, anapewa dawa na kurudi nyumbani kulala. Malaria, kikohozi, UTI, sindano, vipimo vya damu, dawa za kila mwezi, karibu kila kitu kinachowapeleka nyinyi hospitali kwa mwaka kiko kwenye mstari huu. Ile milioni kumi haiugusi. Laki sita ukizigawa kwa watu watano ni 120,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, kwa bei za hospitali binafsi, ambako kumwona daktari tu kunaanza kuila.

Mstari unaofuata: "Magonjwa yaliyokuwepo kabla ya bima: 1,000,000, baada ya miezi 12." Maana yake ni kwamba mkisema ukweli kuhusu pumu, na lazima mseme, baridi ya mwaka huu mtajilipia wenyewe. Halafu: "Uzazi: 800,000, baada ya miezi 12." Ulizeni miezi hiyo inahesabiwa mpaka siku ya kujifungua au mpaka siku mimba inapoingia, kwa sababu kampuni hazifanani hapo, na tofauti yake ni miezi tisa. Meno na macho: hakuna. Na chini kabisa, kwa maandishi ambayo ilibidi niyakuze kwenye simu: "katika hospitali za kundi C". Orodha ya kundi C haijaambatanishwa.

Fanya hesabu. 1,100,000 za bima, 280,000 za pumu ambazo haitazilipa mwaka wa kwanza, 300,000 za dawa za mama mkwe ambaye hayumo kabisa. Jumla 1,680,000, nanyi mna 900,000. Hizo awamu mbili nazo ziangalieni: awamu ya pili isipolipwa kwa tarehe yake, bima inasimama, na iliyokwisha kulipwa hairudi. Kwa watu ambao fedha yao inakuja na mavuno na kazi za ujenzi zinazosimama masika, tarehe hiyo ni hatari.

Sisemi kampuni hiyo ni ya wezi. Huo ni mkataba halali, na kuna familia unaowafaa: mshahara wa kila mwezi, hakuna mgonjwa wa kudumu, hospitali yao ya kila siku ni ya binafsi na iko kwenye orodha. Nyinyi hamko hivyo.

Upande wa umma sasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na mwelekeo wake ni kwamba kila mkazi wa Tanzania Bara awe ndani ya skimu fulani, huku wasio na uwezo wakigharamiwa. Kabla yake tulikuwa na CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioboreshwa mwaka 2018: 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita huku mikoani, na 150,000 kwa Dar es Salaam. Watu wengi wa sokoni bado wana ile 30,000 kichwani. Iacheni. Mlipe kiwango kinachotoka kwenye namba ya malipo ya Serikali siku mnayoandikishwa, na mpokee risiti yake kwenye simu. Kwa hesabu zetu hapa tutenge 150,000 kwa ajili ya kadi ya kaya; ikidaiwa chini ya hapo, chenji iende kwenye dawa.

Jirani yako ana hoja, ila ameimaliza mapema mno. Ni kweli unaweza kufika zahanati na kadi yako ukaambiwa dawa haipo. Sababu ziko mbili na dawa yake ni tofauti. Ya kwanza ni kwamba dawa zenyewe zimepangwa kwa ngazi. Mwongozo wa taifa wa dawa muhimu unatumia herufi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, S ya kibingwa. Dawa ya ngazi C haikutakiwa kuwepo zahanati tangu mwanzo. Ukiitafuta pale utasema "serikali haina dawa", kumbe uko dirisha lisilo lake. Kwa mgonjwa wa kudumu, mwulizeni daktari swali moja tu: dawa hii ni ya ngazi gani, na kituo gani cha karibu kinaruhusiwa kuwa nayo? Sababu ya pili ni uhaba wa kweli: Bohari ya Dawa haikuleta, na kituo hakijanunua kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo la Bohari. Hapo kadi haina muujiza. Ndiyo maana nasema kibubu kiwepo. Hata hivyo, kama skimu yenu ina utaratibu wa fomu ya dawa iliyokosekana, ambayo unakwenda nayo kwenye duka la dawa lenye mkataba, idaini hiyo fomu dirishani kabla hamjaingiza mkono mfukoni. Watu wengi huondoka bila kuiuliza.

Jambo la pili ni rufaa, na hapa watu wa Mbeya tunajikwaa kuliko mikoa mingine. Mjini kwetu kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Zote ziko mjini, daladala moja inakufikisha, na sisi tumezoea kusema "nampeleka Rufaa" bila kufafanua ipi. Mwenye bima anafafanuliwa na karani. CHF iliyoboreshwa ilikuwa inaishia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kanda haikuwemo. Nimekaa miaka mingi upande wa ndani wa dirisha la bima, na malalamiko niliyoyasikia zaidi ya yote yalikuwa ya mtu mwenye kadi hai kabisa, amefika hospitali isiyo ya kadi yake, bila barua, saa nne asubuhi, na foleni nyuma yake. Karani anaingiza namba, mfumo unasema mwanachama yupo, kisha unasema huduma hii hapa hana. Hapo mtu anaona ameibiwa. Hakuibiwa, hakuambiwa ngazi.

Kwa hiyo siku ya kuandikishwa, muulizeni mwandikishaji kwa maneno haya haya: "Kadi hii inaishia Hospitali ya Mkoa, au inafika Kanda na Meta? Nikipewa rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, inanifuata?" Na kwa siku za kawaida, anzieni karibu. Kwa watu wa Uyole, Igawilo iko mlangoni. Daktari wa pale akiona jambo limemzidi, anaandika barua, na barua hiyo ndiyo inayowafungulia ngazi ya juu. Dharura ya kweli haingoji barua. Lakini kuwahi Kanda kwa mafua ya siku mbili si dharura, na mtalipa taslimu.

Sasa kaya yenyewe. Kaya ya bima ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Nyinyi wawili na watoto watatu mmefika watano. Nafasi imebaki moja, na nyumbani kwenu ina wagombea wawili: mama mkwe, na mtoto ambaye bado hajatungwa. Naona mumeo atataka kumweka mama yake, na simlaumu. Mimi ningeiacha hiyo nafasi kwa mtoto, kwa sababu mama ana milango mingine miwili, na msamaha wa mtoto kwenye vituo vya umma unaishia akifikisha miaka mitano.

Mlango wa kwanza wa mama ni umri. Ana miaka 67, na sera zetu zinatamka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Hii hupitia kitambulisho cha matibabu cha wazee kinachotolewa na halmashauri, kwake ikiwa ni ya Rungwe. Anaanzia serikali ya kijiji, jina linapelekwa kata, linafika ustawi wa jamii. Akiwa nacho, Makandana pale Tukuyu inamhusu. Mlango wa pili ni kuandikishwa kama kaya yake mwenyewe huko huko kijijini, pamoja na wajukuu anaoishi nao kama wapo. Watu huwa wanasahau hili: yeye haishi kwenu. Kadi ya Uyole ingemlazimu kila akiugua apande gari kuja mjini, au aanze kubishana dirishani Tukuyu kuhusu kituo alichoandikishwa. Mzee mwenye sukari anahitaji kliniki ya karibu anayoweza kwenda kila mwezi kwa miguu au kwa bodaboda moja.

Nieleze na kasoro yake, msije mkashangaa. Msamaha wa wazee unafuta malipo ya huduma. Haujazi kabati la dawa. Kuna miezi metformin ya sukari itakuwepo na amlodipine ya presha haipo. Zile 25,000 zenu hazitafutika zote. Zikipungua nusu, ni ushindi.

Huyo wa miaka 3 naye, mpaka afikishe mitano, yuko kwenye kundi la msamaha kwenye vituo vya umma, na wewe ukibeba mimba utaingia humo humo. Chanjo za ratiba ya taifa, dawa za kifua kikuu na ARV ni bure kwa kila mtu kwenye vituo vya umma. Nayataja kwa sababu kuna mawakala wanaoviorodhesha kama mafao yao.

Basi, laki tisa. Mngekuwa ndugu zangu ningewagawia hivi: 150,000 kwa kadi ya kaya, watano wote waandikwe, msimwandikishe mwenye pumu peke yake. 580,000 ziwekwe kwenye akaunti au laini ya simu isiyotumika kwa biashara. Hizo ndizo gharama mnazozijua tayari, za mtoto na za mama, na kadi ikifanya kazi yake hamtazimaliza. 170,000 zinazobaki ni za rufaa: nauli, chakula cha anayemuuguza mgonjwa, kipimo kimoja kilichoko nje ya kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia. Watu wakipanga bima husahau kwamba kutoka Mbeya mpaka Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800, na hakuna kadi inayolipia lojing'i Kariakoo.

Kama mkiuliza vifurushi vya hiari vya NHIF na mkakuta bei inabebeka, vinaweza kuwapa wigo mpana wa hospitali, zikiwemo za mashirika ya dini. Hilo kwa Nyanda za Juu Kusini lina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya tiba yetu ya kuaminika imekaa kwa wamisionari: Ifisi pale Mbalizi, Chimala, Igogwe, Ilembula, Tosamaganga, Ikonda kule Makete ambako watu wanatoka hadi Dar es Salaam. Lakini ulizeni hospitali yenyewe, si aliyewauzia kadi. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake mpaka mazungumzo yafanyike. Waliokuwa wamekata bima kwa ajili ya hospitali moja tu walijikuta mlangoni. Pigeni simu dirisha la bima la hospitali mnayoipenda na muulize: kadi hii mnapokea, leo, kwa wagonjwa wa nje na wa kulazwa?

Kuhusu bima binafsi, mlango mmoja nisingeufunga. Chama chenu cha wauza viazi, au VICOBA yenu, mkifika idadi ya watu wa kutosha, mnaweza kuomba makadirio ya kikundi. Kampuni hukubali kikundi kwa masharti mepesi kuliko familia moja, wakati mwingine bila kungoja miezi 12 kwa magonjwa ya zamani, kwa sababu inajua humo kuna wazima wengi waliochanganyika na wagonjwa wachache. Ni ile hesabu ya kufa na kuzikana tena. Tahadhari yake: kikundi kikivunjika katikati ya mwaka, au mweka hazina akichelewesha mchango, kadi zote zinalala siku moja. Na mkifika huko, muulizeni wakala leseni yake ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Mnaweza kwenda kuuliza jina la mtu kabla ya kumpa hata senti. Fedha iingie akaunti ya kampuni, kamwe isiwe laini ya simu ya wakala. Madai yakikataliwa na mkaona mmeonewa, andikeni kwa kampuni kwanza, kisha kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hata kama hamna wakili.

Muda: msingoje Mei. Hela ya viazi ipo sasa, na uandikishaji una siku zake kabla kadi haijawa hai kwenye mfumo. Iwe imeshafanya kazi kabla ya baridi ya Juni. Na mwakani lipieni upya kabla haijaisha. Ikikatika, skimu nyingi zinawahesabu kama wageni.

Kuna kitu kimoja si cha bima, lakini kimenisumbua nikisoma barua yako. Mtoto wa miaka 8 anayekimbizwa usiku kila baridi ikiingia, mara nyingi anatumia ile dawa ya kufungua kifua peke yake, salbutamol, bila ile ya kuvuta kila siku inayotuliza njia za hewa hata akiwa hana dalili, kama beclomethasone. Sijamwona mtoto na mimi si daktari wake. Mpelekeni kliniki mwezi ambao ni mzima, mchana, na muulize daktari kama anafaa kuanzishiwa dawa ya kuzuia. Familia nyingi nilizoziona zikipunguza gharama za pumu hazikubadilisha bima, zilibadilisha matibabu. Mama mkwe naye apimwe miguu, macho na figo angalau mara moja kwa mwaka. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kikishaanza, hakuna kati ya kadi hizi itakayotosha.

Na ikitokea usiku mtoto hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zinavutika ndani, au midomo imebadilika rangi, msitafute kadi. Nendeni kituo cha karibu chenye oksijeni, mwingine abaki nyuma akitafuta makaratasi. Bili ikiwashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo kabla ya kuuza kitu chochote cha nyumbani.

Kwa mwandikishaji mtakwenda na namba za NIDA za wote wawili, picha, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama huyo wa miaka 3 hana cheti bado, anzeni na hilo wiki hii: kwa walio chini ya miaka mitano kinatolewa bila ada kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, na akishavuka mitano mtatumwa wilayani kwenye utaratibu wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wenye malipo.